Mtendaji wa Kata Anaomba Nchi

Nilimchukia kabla hajafungua mdomo. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mfupi, amevaa sketi ya kijivu iliyopauka, na viatu vyake vya ngozi vilikuwa vimetembea zaidi kuliko viatu vya watu wanaokuja kuomba urais. Alisimama mbele ya meza yangu katika Ukumbi wa Fomu, akaweka bahasha kubwa ya kaki, akasema, "Habari za kazi, Karani. Naitwa Skolastika Mwandu, mtendaji wa kata ya Nyamhembe. Nimeleta fomu yangu ya kugombea urais."

Nyamhembe. Kwa miaka kumi na tisa sikuwa nimesikia jina hilo likitamkwa ndani ya jengo lile, na mimi mwenyewe sikuwahi kulitamka, kwa sababu ndiko nilikozaliwa.

Ukumbi wa Fomu umejengwa juu ya kilima, katika mji ambao watu wake hawaulizani majina. Tunaitana kwa vyeo. Mimi nilikuwa Karani. Aliyekuwa kabla yangu aliitwa Karani pia, na barua zake zilipoendelea kuja nilizijibu, na waliomwandikia hawakugundua. Tarehe ni mali ya Mkurugenzi. Kalenda inaning'inia nyuma ya kiti chake, na siku haiishi mpaka yeye aichane. Kuna nyakati alisafiri bila kuichana, nasi tukaishi Jumanne ileile kwa siku tano, tukisalimiana salamu zilezile. Nje ya geti jua liliendelea na hesabu yake, na mlinzi wa getini aliandika tarehe za nje katika daftari lake la wageni, lakini daftari hilo hakuna aliyelisoma.

Nilikuwa nimepokea wagombea wengi. Walikuja na tarumbeta na watu wa kuwabebea bahasha, nikamaliza na kila mmoja kwa dakika tisa. Kadiri miaka ilivyokwenda nilianza kushindwa kuwatofautisha. Waziri aliyekuja mwaka ule alikuwa na kikohozi cha Jenerali wa miaka mitano kabla, na Jenerali yule alikuwa na vidole vya Balozi aliyemtangulia. Nilifikia kuamini kwamba ni mtu mmoja, anayetoka akavua cheo kama koti, akavaa kingine, akarudi. Imani hiyo haikunisumbua. Ilinituliza. Nchi yenye mtu mmoja wa kuitawala haina maswali mengi, na karani wake analala vizuri.

Nikafungua fomu ya mwanamke yule.

"Hapa panawekwa alama ya cheo cha sasa," nikamwambia. "Kuna visanduku sita. Waziri, Mbunge, Jenerali, Balozi, Jaji, Spika. Hujaweka alama popote."

"Sina cheo hata kimoja kati ya hivyo. Nimeandika pembeni: Mtendaji wa Kata."

"Pembeni si mahali pa kuandika."

"Katiba inasema raia yeyote aliyetimiza miaka arobaini, anayejua kusoma na kuandika. Haikutaja visanduku."

"Aliyekuja hapa ni wewe, Mama. Katiba haijaja. Na mimi siwezi kupokea fomu yenye upungufu."

Akanitazama jinsi watendaji wanavyomtazama mtu aliyekuja kuomba ruhusa ya sherehe bila barua ya mwenyekiti. Kisha akaichukua bahasha yake. "Basi nitakaa pale kwenye benchi," akasema, "mpaka kisanduku changu kipatikane."

Hiyo ilikuwa tarehe mbili, kwa hesabu ya mlinzi wa getini.

Niseme kwa nini nilimchukia, maana chuki isiyoelezwa huonekana kama wazimu. Baba yangu, Nathanaeli Kibuga, alikuwa mwenyekiti wa kitongoji huko Nyamhembe kwa miaka thelathini. Amri zilikuja kwake kwa barua zilizopigwa mihuri na watu asiowajua: kila kaya ichimbe choo, kila mwenye mbuzi amfunge, kila kijana aende kulima barabara. Hakuandika hata moja, na zote alizisoma yeye, kwa sauti yake, mbele ya watu waliomjua tangu akiwa mtoto. Walipotaka kuikomoa serikali waling'oa mihogo yetu. Mwaka mmoja waling'oa shamba zima, mimi nikiwa na miaka kumi na miwili, na baba akakaa juu ya shina akaomba maji ya kunywa, akanywa, akasema kesho yake ataisoma barua nyingine. Nilimdharau siku hiyo. Niliapa kupanda, hatua kwa hatua, mpaka mahali ambapo amri zinatoka na mihogo haifikiwi. Nilipofika Ukumbi wa Fomu nilidhani nimefika. Kumbe nilikuwa nimekaa tu mlangoni kwa watu wanaopanda, nikiwafungulia.

Na sasa mtu wa chini kabisa, anayenuka vumbi lilelile, alikuwa amepita ngazi zote bila kuzikanyaga, akasimama mbele yangu na kuomba ya juu. Kama angekubaliwa, miaka yangu kumi na tisa ilikuwa ya nini? Hilo ndilo lililonichoma. Mtu aliyekaa chini kwa kuamini kwamba huko juu hakufikiki hawezi kumsamehe anayeuliza njia.

Alikuja kila asubuhi. Alikaa wima, bahasha mapajani, akasimama kwa ajili ya kunywa maji tu. Wagombea wengine walipita mbele yake na tarumbeta zao. Siku ya kumi hivi nilimwendea, si kwa wema. Nilitaka kumwona akitikisika.

"Mama Mtendaji, hivi kweli unaamini utakuwa rais?"

"Wewe unaamini siwezi?"

"Rais hajawahi kutoka huko. Wanatoka mawaziri, wanatoka majenerali. Mtendaji wa kata hupanda akawa afisa tarafa, akibahatika. Huo ndio mwisho wa ngazi yake."

Sauti yake ilikuwa kavu, bila kuomba chochote. "Mwaka wa kipindupindu ilikuja amri ya kufunga soko. Sikuiandika mimi. Nililifunga. Wanawake waliolazimika kumwaga nyanya zao walinimwagia mimi. Watu kumi na wanne walikufa, na wanane kati yao hawakuwa na ndugu aliyethubutu kuwagusa. Niliwazika, mimi na bwana afya. Yalipokuja mawe, yalikuja nyumbani kwangu. Kila kipigo alichostahili rais nimekipokea mimi, Karani, kwa miaka kumi na saba. Rais hajawahi kukosa usingizi kwa ajili ya Nyamhembe. Kama ni kumwakilisha, nimeshamwakilisha vya kutosha. Sasa nataka kukaa pale ambapo amri inaandikwa, ili anayeiandika awe mtu anayejua inasomwaje."

"Na ukikataliwa?"

"Nataka mnikatae kwa maandishi. Siku zote tunakataliwa kwa kutotazamwa."

Nilirudi mezani kwangu nimekasirika zaidi, kwa sababu alikuwa amemweleza baba yangu bila kumtaja.

Tarehe ishirini na tisa shangazi yangu Dorika alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa mbali sana. "Baba yako amefariki asubuhi hii, mwanangu. Tunamzika kesho kutwa. Njoo." Nikaenda kwa Mkurugenzi kuomba ruhusa. Alikuwa akila karanga, akaendelea kula. Akasema ruhusa ya msiba huombwa siku saba kabla. Akasema pia kwamba leo hairuhusiwi kuitwa tarehe ishirini na tisa, kwani bado hajachana kalenda, kwa hiyo baba yangu, kwa hapa, hajafa.

Nilirudi nikakaa.

Baba hajafa, nikajiambia. Kwa hapa hajafa. Anachimba choo. Anasoma barua. Atakufa Mkurugenzi akimaliza karanga. Mimi ni nani, basi, ikiwa nimefiwa huko na sijafiwa hapa? Mmoja wetu alie, mwingine apige mihuri. Nikapiga mihuri.

Nilipoinua kichwa nilimwona mwanamke wa benchi akilia. Alilia kimya, kiganja kimefunika macho, simu ndogo ikiwa bado mkononi. Wiki zote hizo hakuwa ametoa hata chozi. Nikafurahi. Nasema ukweli: siku aliyokufa baba yangu, furaha pekee niliyoipata ilikuwa kumwona mwanamke yule akilia, kwa kuwa nilidhani ameshindwa na atakwenda zake.

Hakwenda. Kesho yake alikuwa pale, amefunga kitambaa cheusi kichwani.

Siku ya arobaini Mkurugenzi aliniita. Ilikuwa siku ya mwisho ya kurudisha fomu, na Waziri alitarajiwa saa nne, na waandishi wa habari walikuwa wameshaanza kujaa ukumbini, na baadhi yao, kwa kukosa la kufanya, walikuwa wameanza kuongea na mwanamke wa benchi.

"Mpokee," Mkurugenzi akasema.

"Hana kisanduku, Mkurugenzi."

"Mchoree kwa rula. Ukishamchorea, mkagulie wadhamini. Wadhamini mia mbili kwa kila mkoa, mikoa kumi. Tafuta kosa, liandike, msomee mbele ya hao waandishi, aende nyumbani. Tusionekane tumemzuia. Aonekane amepungukiwa." Akanisogelea. "Nafasi ya Mkaguzi Msaidizi iko wazi ghorofa ya pili. Nimekuwa nikifikiria jina."

Nilichora kisanduku. Kilitoka kimepinda kidogo. Nikaandika ndani yake: Mtendaji. Kisha nikafungua karatasi za wadhamini, na hapo ndipo nilipoona watu ambao sijawahi kuwaona katika fomu yoyote. Waziri huleta majina yaliyojazwa kwa mwandiko mmoja na kalamu moja. Haya yalikuwa majina ya wauguzi wa zahanati, mabwana shamba, mabwana afya, watendaji wa vijiji, wenyeviti wa vitongoji, askari magereza, walimu wakuu wa shule zisizo na madirisha, kila mmoja na mwandiko wake, mwandiko wa watu walioandika ripoti maisha yao yote bila ripoti hata moja kujibiwa. Wengine walikuwa wameongeza maneno pembeni, ingawa pembeni si mahali pa kuandika. "Tumechoka kusoma tusichoandika," aliandika mmoja.

Mikoa tisa ilikuwa na ziada. Mkoa wake mwenyewe ulikuwa umeanza na mia mbili kumi na tisa, lakini katika siku zile arobaini wakuu wao wa kazi walikuwa wamepiga simu, na kumi na tisa walikuwa wameandika barua za kujitoa. Walibaki mia mbili kamili. Wa mia mbili aliandika kwa mkono uliotetemeka, herufi zimelala kama majani baada ya mvua: Nathanaeli Kibuga, mwenyekiti wa kitongoji mstaafu.

Nilikaa na jina lile. Sheria inasema kila mdhamini awe hai siku fomu inapopokelewa. Ningeandika neno moja, marehemu, mbele ya jina la baba yangu, na wangebaki mia moja tisini na tisa. Kosa lililotafutwa nilikuwa nimelipata, na ndani ya ukumbi ule, nilidhani, nililijua mimi tu.

Nikamwita mezani.

"Mama, huyu ni nani?"

Akainama akasoma. Hakusita. "Huyo amefariki, Karani. Tarehe ishirini na tisa. Kama mlikuwa mnatafuta kosa ndilo hilo, usijisumbue na mengine."

"Kwa nini unaniambia?"

"Kwa sababu ni kweli. Nimemwandikia kila mtu wa Nyamhembe cheti chake cha kweli kwa miaka kumi na saba, sitaanza kudanganya leo kwa ajili ya kiti." Akaivuta karatasi kidogo upande wake, akalishika jina lile kwa kidole. "Huyu mzee alinifundisha kazi. Nilipopelekwa pale kijana sijui lolote, aliniambia, wakikutukana usijibu, soma barua mpaka mwisho, halafu wasikilize. Sikumzika. Nilikuwa hapa kwenye benchi lenu." Akaondoa kidole. "Aliposaini aliniambia, mwanangu yuko huko kwenye ukumbi, ukifika atakupokea. Nimekaa siku arobaini nawatazama nyuso, nijue ni yupi. Hakuna anayefanana naye."

Nikaivuta karatasi, nikalisoma jina lile upya.

"Ni mimi," nikasema.

Alinitazama kwa namna ambayo sikuitegemea. Hakukuwa na huruma, wala hasira. Alikuwa kama mtu anayelinganisha picha na mwenye picha na kuona kwamba haviendani. "Pole kwa msiba," akasema. "Nilidhani ungekuwa mtu mrefu zaidi."

Basi nikaenda getini. Mlinzi alikuwa akisinzia. Nikachukua daftari lake la wageni, nikalifungua mahali panapoonyesha tarehe mbili, na pale palikuwa na jina lake, saa mbili na dakika ishirini asubuhi: Skolastika Mwandu, kurudisha fomu. Baba yangu alikuwa hai asubuhi ile. Labda alikuwa akinywa uji. Nikarudi nalo mezani, nikachukua muhuri wa tarehe, nikazungusha magurudumu yake kurudi nyuma, siku moja baada ya nyingine, zikipita chini ya kidole changu siku zote tulizomkalisha mwanamke yule, mpaka mbili ikasimama. Nikapiga. Kisha, kama sheria inavyotaka, nikasimama nikasoma kwa sauti, mbele ya waandishi na mbele ya Waziri aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia na tarumbeta zake, kwamba fomu ya Skolastika Mwandu, Mtendaji wa Kata, ilifikishwa tarehe mbili kwa ushahidi wa daftari la getini, na imepokelewa tarehe hiyo, na wadhamini wake wote walikuwa hai.

Tarumbeta zilinyamaza. Waziri alikohoa kile kikohozi ninachokijua.

Mkurugenzi hakupaza sauti. Alifunga mlango wa ofisi yake, akakaa. "Unajua umefanya nini?"

"Nimepiga muhuri wa siku aliyokuja."

"Hapa hatupigi siku mtu aliyokuja. Tunapiga siku tuliyomwona." Akapangusa maganda ya karanga mezani kwa ukingo wa kiganja. "Ningeweza kukufunga. Lakini watu wa magazeti wamelipiga picha lile daftari, na kukufunga ni kusema tulikosea. Nitakuhamisha. Kata ya Nyamhembe haina mtendaji sasa, ameenda kugombea urais. Utakaimu. Unaikumbuka Nyamhembe?"

Nikasema naikumbuka.

"Utakumbuka zaidi," akasema, na mbele yangu akachana kalenda, karatasi arobaini kwa mkupuo mmoja.

Nilifika Nyamhembe na sanduku moja. Nilikwenda kwanza kaburini, nikakaa. Kisha nikafungua ofisi: chumba kimoja cha matofali, meza, picha ya rais, kabati la faili. Asubuhi ya pili barua ilikuja. Wenye mashamba kando ya mto wayaache ndani ya siku thelathini. Niliisoma mbele ya watu, na sauti yangu ilipofika katikati nilisikia kwamba ni ya baba. Hakuna aliyenirushia kitu. Walinitazama tu, wakaondoka mmoja mmoja, na mchana nilikuta matope yamepakwa kwenye kitasa cha mlango.

Uchaguzi ulifanyika mwezi uliofuata. Sina maneno mengi juu yake. Skolastika alizunguka mikoa kwa mabasi, akazungumza viwanjani, magazeti yakamwita mgombea wa vumbi. Yule mtu mmoja, safari hii akiwa Waziri, akashinda. Skolastika alikuwa wa tano kati ya saba. Lakini mimi sikungoja ya nchi. Nilingoja karatasi ya kata yetu, kwa sababu ndani yangu nilikuwa na hakika kwamba hata kama huko kote wamemkataa, hapa, ambako alizika watu kwa mikono yake, watamrudishia.

Kura zilizopigwa Nyamhembe zilikuwa elfu nne mia moja kumi na nane. Yeye alipata sitini na moja. Niliibandika karatasi ile ukutani kwa mkono wangu.

Alirudi siku tatu baadaye, asubuhi, na viatu vilevile. Alisimama mbele ya ukuta akasoma. Akasoma tena, akifuata mstari kwa kidole. Nilitoka nje nikasimama karibu naye.

"Sitini na moja," akasema. "Nyumba yetu tu tuko kumi na wawili."

Watu walikuwa wameshakusanyika uani tangu alfajiri, wapata arobaini, kwa ajili ya ile barua ya mashamba ya mtoni. Mbele yao alikuwa Kichonge, fundi baiskeli, mwanamume wa makamo ambaye kila mtu humsukuma mbele panapokuwa na neno la kusema. Walipomwona Skolastika wakamwacha mtu wa ofisi, yaani mimi, wakamzunguka yeye.

"Shikamoo, Mama Mtendaji," Kichonge akasema. "Afadhali umerudi. Tuna tatizo la mashamba."

"Ulinipigia kura, Kichonge?"

Kichonge akatazama mikono yake yenye grisi. "Hapana, Mama."

"Mkeo?"

"Naye hapana."

"Nilimzika mama mkwe wako. Hakuna aliyemgusa, wewe mwenyewe ulisimama barabarani. Kwa nini?"

Hakuwa mtu mbaya, Kichonge. Alijaribu kulijibu swali vizuri, akilitafuta jibu kama mtu anayetafuta nati nyasini. "Mama, sisi tunakujua. Tumekuona na gambuti kwenye matope. Tumekuona unalia siku ya lile kaburi la watoto wa kipindupindu. Na soko letu wewe ndiye uliyelifunga." Akapangusa mikono kwenye suruali. "Rais ni mtu ambaye hatujamwona. Ukimpigia kura mtu uliyemwona akilia, halafu yeye ndiye awe pale juu, sasa wewe utamwogopa nani?"

Baadhi ya watu waliitikia kwa kichwa. Mwanamke mmoja nyuma akasema kwamba ndivyo, na hata hivyo urais si kazi ya mtu anayejulikana kwao. Nilihisi chuki ikinipanda, ile ya zamani, safari hii ikiwa imegeukia upande mwingine. Miaka kumi na tisa nilifikiri mlango umefungwa kutoka ndani, na nilikuwa mmoja wa walioufunga. Kumbe huku nje nako walikuwa wameuegemea, watu wanaoondolewa mashambani, watu wasomewao barua, wameuegemea kwa migongo yao yote ili usifunguke. Wa juu hawakumtaka kwa sababu alitoka chini. Wa chini hawakumtaka kwa sababu waliona alikotoka. Kati ya hao wawili mtu wa ofisi ndogo anapita wapi? Nilitaka kuwafukuza wote uani.

Skolastika alinitangulia. "Mmempa kura mtu ambaye hamjamwona," akasema. "Basi mpelekeeni tatizo la mashamba yenu."

Akageuka akaanza kwenda. Walimwachia njia. Alipita katikati yao, mgongo umenyooka, akashuka kuelekea barabara ya kwao, na hakuna aliyemwita. Kichonge alibaki amesimama, mkononi nakala ya ile barua niliyowagawia, akiigeuza juu chini, kwa maana kusoma hakujui.

Skolastika alifika kwenye mti wa mwisho wa ua. Akasimama hapo kitambo kirefu, ametupa mgongo. Nilidhani anapumzika. Kisha akarudi, kwa hatua za haraka za mtu aliyekasirika na miguu yake mwenyewe, akamnyang'anya Kichonge ile karatasi.

"Nani aliwaambia siku thelathini zinahesabiwa kuanzia siku ya kusomewa barua?" akasema. "Hapa imeandikwa kuanzia siku ya kupimwa mipaka. Mipaka imepimwa? Nani kamwona mpimaji?"

Hakuna aliyekuwa amemwona mpimaji.

"Kaeni chini."

Wakakaa. Naye akakaa kwenye kizingiti cha ofisi, akaanza kuisoma barua upya, neno kwa neno, kwa sauti ya hasira, akiwaita wajinga kila mwisho wa aya, na hakuna aliyeondoka. Mimi niliingia ndani nikachukua kalamu na karatasi tupu ya majibu, nikatoka, nikakaa mavumbini pamoja nao, nikaandika majina ya wenye mashamba kadiri alivyoyataja, na nilipokosea herufi za jina moja alinisahihisha bila kunitazama.